Vitalu vya Tope

Siku Ramani alipopata wazo la kuwauzia watu tope, alikuwa amekaa mezani kwa shangazi yake, anakula mkate wa shangazi yake, anakunywa chai ya shangazi yake, na hasikilizi neno hata moja la shangazi yake.

Hilo halikuwa jambo geni. Jina la Ramani lenyewe alijipa, kwa sababu ya karatasi kubwa aliyotembea nayo kwapani, imekunjwa kama ya injinia. Waliomheshimu kwa ajili ya karatasi ile hawakuwahi kuikunjua. Ilikuwa mchoro wa banda la kuku.

"Gari la kunyonya maji taka, mwezi wa nne sasa liko juu ya matofali," shangazi alikuwa anasema. Alikuwa msimamizi wa zamu katika shirika la maji taka, mwaka wa ishirini na nane huo, na vijana wake walimwita Mama Mifuniko kwa kuwa aliujua kila mfuniko wa mashimo ya mji ule kama mtu anavyojua meno yake. "Hela ya spea hakuna. Mapazia ya ofisini yamenunuliwa lakini, mazuri sana, yana maua. Halafu wananiita wananiambia, Mama, lile tumbo la mfereji mkuu liwe safi kabla wakaguzi hawajafika mwisho wa mwezi, la sivyo tutaangalia msimamizi mwingine. Mimi! Nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Mm," alisema Ramani.

"Na tumbo lenyewe si mchezo. Mfereji wa matofali, umetitia mita arobaini nzima pale nyuma ya hoteli. Kila kitu kizito kinachoangukia chooni kwenye yale majumba makubwa kinakuja kulala pale. Vijiko, funguo, meno ya bandia. Mwaka juzi tulitoa pete."

Ramani aliacha kutafuna.

"Pete ya shaba tu, yaani ilikuwa imekuwa nyeusi tii. Gesi ya mle ndani haichezi na shaba, siku tatu nyingi. Dhahabu peke yake ndiyo... Wewe, unakwenda wapi? Chai hujamaliza!"

Lakini Ramani alishafika mlangoni. Katika maneno yote yale, masikio yake yalikuwa yamechukua mawili: majumba, na pete. Mengine aliyaachia ukuta.

Ni vizuri msomaji ajue kwamba kijana huyu aliwahi kuajiriwa. Shangazi alimtafutia kibarua kwenye shirika, akamtilia saini ya vifaa: kizibao cha kung'aa, kofia ngumu, viatu vya mpira, na kulabu ya chuma ya kuinulia mifuniko. Siku ya kwanza akampa sheria tatu. Usishuke kabla hujafungua mifuniko miwili ukasubiri gesi itoke. Usishuke bila kamba. Na ukimaliza, mfuniko una pengo dogo ukingoni. Ukiurudisha, pengo liangalie maji yanakokwenda, ili mwenzako wa zamu nyingine ajue mkondo bila kufungua. Kati ya sheria hizo tatu, Ramani alisikia kwamba kofia ni ya bure.

Alidumu siku kumi na moja. Siku kumi alishika kamba za wenzake na kuwapa moyo. Siku ya kumi na moja ikawa zamu yake kushuka. Alishuka ngazi tatu, akapanda ngazi zote na nyingine ambazo hazikuwepo, akakimbia mpaka nyumbani. Akasema vifaa vimeibwa njiani. Shangazi akakatwa mshahara. Vifaa vilikuwa chini ya kitanda chake, kwenye ile stoo ya shangazi alikolala, katikati ya fito za kuzibulia na viatu vya mpira vya watu wengine.

Na hiyo stoo ndiyo iliyokuwa inamkera. Ramani alikuwa ameona nyumba. Ghorofa ya tatu, vyumba viwili, roshani inayotazama barabara. Dalali alikubali kuishikilia siku kumi, si zaidi. Ramani alishadunduliza nusu kwa ujanja mdogo mdogo wa hapa na pale. Nusu nyingine ilikuwa bado iko mifukoni mwa watu wengine, kwa makosa. Alijiona tayari kwenye roshani ile, mkono mmoja kiunoni, anawatazama walimwengu wanapita chini. Akiwa ghorofa ya tatu, uchafu wote wa mji ungeshuka, yeye angebaki juu.

Asubuhi ya pili yake, saa tatu, alisimama nyuma ya hoteli, amevaa kizibao, kofia na uso wa kazi. Akaweka koni mbili za barabarani alizoazima mbele ya benki bila benki kujua. Akachomeka kulabu, akavuta mfuniko.

Hakuna aliyemuuliza kitu. Mtu akiingia dukani kwako na kugusa sanduku la hela, utapiga kelele. Akifungua barabara ya umma katikati ya mchana amevaa kizibao cha kung'aa, utaziba pua, utapita upande wa pili na utamhurumia.

Aliteremsha ndoo kwa kamba, akapandisha tope, akalimwaga kwenye chekeche, akalimwagia maji. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu anayeosha mtoto, mpaka alipomwona aliyekuwa anamngoja.

Mzee Kodi alikuwa na vyumba kumi na vinne vya kupangisha, choo kimoja, na ufunguo mmoja wa choo hicho, ambao aliuning'iniza shingoni mwake. Aliyebanwa alimtafuta Mzee Kodi. Kila siku saa tatu na robo alipita nyuma ya hoteli kuokota misumari iliyoangushwa na mafundi seremala.

"Vipi kijana, kumeziba?"

"Hapana mzee wangu, pita tu. Hapa hakuna kitu." Ramani akafunika chekeche kwa mkono, haraka, lakini si haraka sana.

"Hicho kinachong'aa ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho! Chini ya dole gumba!"

Ramani akashusha pumzi kama mtu aliyefumaniwa, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akafungua kiganja. Pete. Ya njano, imelowa, ina kipande cha tope kwa ajili ya ushahidi. Alikuwa amenunua tisa za namna hiyo kwa mchuuzi wa barabarani, na mchuuzi akampa ya kumi bure, akajipatia mteja wa kudumu.

"Mzee wangu," alinong'ona, "nakuomba kama baba yangu. Usimwambie mtu."

Ombi kama hilo, kwa Mzee Kodi, lilikuwa ni sawa na kumsomea mirathi. Alichuchumaa. Mara ya kwanza katika miaka mingi hakusikia harufu yoyote.

Ramani alimweleza. Majumba makubwa. Wake za wakubwa wananawa mikono, pete zinateleza. Miaka sitini! Yote imelala chini hapa, kwenye tumbo. Shirika linajua, lakini haliwezi kuchimba lenyewe, kwa sababu likichimba, wenye majumba watadai vitu vyao. Kwa hiyo kuna utaratibu wa kimyakimya. Vitalu viwili tu. Kimoja kimeshachukuliwa.

"Kimechukuliwa na nani?"

"Mzee wangu, utaratibu ni wa kimyakimya."

"Basi nipe hicho cha pili."

"Kuna mtu ameniahidi kukijia saa nane."

"Saa nane ni mbali!" alisema Mzee Kodi, akakimbilia nyumbani kufukua godoro.

Aliyeahidi kuja saa nane hakuwa amezaliwa bado katika mawazo ya Ramani, lakini ilipofika saa nane alipatikana. Alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mtu wa tai na kalamu tatu, aliyewahi kuwapeleka jirani zake wanne barazani kwa sababu ya kivuli cha ukuta. Karani hakudanganyika kirahisi. Alitaka karatasi.

"Bila hati, hakuna haki," alisema.

"Ndiyo maana nakupenda mheshimiwa. Hawa wengine hata hawaulizi." Ramani akakunjua ile karatasi yake kubwa. "Huu ni mfereji. Hivi vyumba vidogo vidogo ni vitalu. Wewe uko hapa."

"Na hiki?"

"Hiki ni cha mwenzako."

Kilikuwa mahali pa kutagia. Karani alivaa miwani, akafuata mistari kwa ncha ya kalamu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akadai mhuri. Ramani alikuwa nao: aliwahi kuuokota kwenye zahanati ya mifugo iliyofungwa. Akaupuliza, akaugonga kwa nguvu zote za serikali. Hati ya Karani ilisema, kwa wino wa zambarau, AMECHANJWA. Karani, aliyesoma hati za watu miaka thelathini akitafuta koma iliyokosewa, aliikunja, akaitia mfuko wa moyoni.

Kesho yake walianza kuchimba. Ramani alitegemea watalipa vibarua. Lakini Mzee Kodi hakuweza kumwamini kibarua na dhahabu, na Karani hakuweza kumwamini Mzee Kodi na kibarua, kwa hiyo walishuka wenyewe, wazee wazima, mmoja na ufunguo wa choo shingoni, mwingine amekunja tai ndani ya shati. Ramani alibaki juu, ameshika kamba na kuwapa moyo, kazi aliyoizoea. Pete alikuwa amezipanda usiku uliopita kwa kuzirusha tu shimoni. Kila moja iliyopatikana ilitoa kelele chini kama harusi.

"Kumi!" alikuwa anajisemea. "Ziishe polepole, siku nne, halafu mimi roshani."

Siku ile ya kwanza, jioni, alirudisha mfuniko, akaupiga teke ukae. Alipogeuka akaona shangazi yake upande wa pili wa barabara, amesimama na mfuko wa vitunguu. Ramani alikuwa ameshavua kizibao. Alipunga mkono kama mtu aliyekuwa anapita tu. Shangazi hakumwangalia yeye. Aliuangalia mfuniko, kidogo, kisha akaenda zake.

Asubuhi alimkuta shangazi amefurahi bila sababu. Alikuwa anaimba. Alimwekea yai.

"Leo kuna nini, shangazi?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Kula. Mtu anayefanya kazi lazima ale."

"Mimi? Nafanya kazi gani?"

"Nimesema mtu," alisema shangazi, akamwongezea yai la pili. Mkono uliolishika yai ulikuwa na alama ya rangi ya maji ya kunde kwenye kidole kimoja, kama kamba iliyofungwa muda mrefu ikafunguliwa jana. Ramani alikuwa analiangalia yai.

Na siku hiyo bahati ilizidi: maji ya mfereji, ambayo jana yaliwafika wale wazee magotini, leo yalikuwa hayafiki kwenye vifundo. Ramani alimshukuru Mungu kwa jinsi anavyowajali wajanja. Karani na Mzee Kodi wakachimba kama fuko. Kila ndoo iliyopanda, waliipekua kwa vidole, na tope lililobaki wakalimwaga kwenye toroli kubwa la chuma ambalo mtu fulani, asubuhi ile, alikuwa ameliacha pale karibu kabisa na shimo. Hakuna aliyejiuliza ni la nani. Jioni liliondoka limejaa, asubuhi likarudi tupu. Hata hilo hawakujiuliza.

Siku ya nne, saa nne, Mzee Kodi alitoka shimoni kabla ya wakati. Alifungua leso mbele ya Ramani. Ndani kulikuwa na pete tatu, nyeusi kama mkaa.

"Hizi nimezipata leo. Dhahabu gani hii, mwanangu?"

Karani alikuwa nyuma yake na leso yake mwenyewe. "Mimi pia ninazo mbili. Za siku ya kwanza nilizifuta vizuri nikaziweka kabatini, bado njano. Hizi zilizokaa mle ndani zimekuwa masizi. Nimefanya utafiti kwa mtu anayejua. Shaba, kijana! Naona jambo hili linaelekea kwenye kifungu cha udanganyifu."

"Kifungu baadaye," alisema Mzee Kodi, akaushika ufunguo wake kama kisu. "Kwanza ngumi."

Ramani alifungua mdomo. Kwa kawaida maneno yalimjia yenyewe, yamepiga mstari kama abiria. Safari hii alikuta kituo kitupu.

"Wazee wangu," alianza, "huo weusi, unajua, huo ni... ngozi ya nje. Dhahabu ya maji taka ina ngozi..."

"Pandisha hiyo ndoo!" alifoka Karani. "Tuione ngozi!"

Ndoo ya mwisho ilikuwa bado inaning'inia. Ramani aliivuta, akaimwaga kwenye chekeche ili apate dakika moja ya kupanga njia ya kukimbilia. Alimimina maji. Tope likatoka. Kikabaki kijiko, kikabaki kifungo, ikabaki pete moja nyeusi, na pembeni yake ikabaki pete moja ya njano. Ya njano kabisa. Nzito, imechakaa ukingoni, inang'aa kama jicho la paka.

Wote watatu waliiangalia. Kati ya watatu hao, aliyeshangaa kupita wote alikuwa Ramani. Hii haikuwa yake. Zake zilikuwa nyembamba na zina maua.

Walikwenda nayo kwa sonara, wote pamoja, wananuka, na sonara akawahudumia nje ya mlango. Aliikwaruza kwenye jiwe, akaidondoshea dawa.

"Dhahabu," alisema. "Tena ya zamani, safi, siku hizi hawatengenezi hivi. Ndani kuna herufi mbili zimechorwa. Mmeitoa wapi?"

"Urithi," walisema wote watatu kwa pamoja.

Njiani kurudi, kila mmoja alikuwa na hesabu zake. Za Ramani zilikuwa hizi. Pete kumi alipanda yeye, na kumi zimekuwa nyeusi au zitakuwa. Ya kumi na moja hakuipanda mtu. Kwa hiyo imetoka kwenye majumba. Kwa hiyo uongo wake wote, neno kwa neno, ulikuwa kweli! Na yeye, kwa upumbavu, alikuwa ameiuza kweli hiyo kwa bei ya uongo, kwa wazee wawili wasiostahili hata kijiko.

Ni vigumu kumwonea huruma mtu wa namna hii, na msimulizi hatajaribu.

"Wazee wangu," alisema walipofika shimoni, kwa sauti ya msiba, "nimefikiria. Mmenishuku na mna haki. Sitaki hela ya mtu mwenye kinyongo. Nawarudishia chenu chote, tuachane kwa amani."

Mzee Kodi akakunja leso yake. Alikuwa mpumbavu, lakini alikuwa mpumbavu wa biashara.

"Kumbe unataka kitalu."

"Mimi? Nataka amani tu."

"Amani imepanda bei," alisema Mzee Kodi.

"Na mimi nina hati," alisema Karani, akagonga mfuko wa moyoni. "Hati ina mhuri. Ukitaka niiachie, utanilipa nilichotoa, na usumbufu, na dobi, na tai."

"Mheshimiwa, ile hati..."

"Ile hati imefanyaje?"

Ramani angesema nini? Kwamba mhuri ule ni wa ng'ombe?

Walivutana mpaka adhuhuri. Walipoachana, Ramani alikuwa amewarudishia chao, na juu yake akawaongezea nusu yake ya roshani, yote, hadi sarafu za mfuko wa nyuma. Akapata vitalu viwili, pete moja kwenye kiberiti, na hati iliyosema amechanjwa. Wazee waliondoka wanacheka, wameshikana mabega, maadui wa jana. Dalali alipompigia, Ramani alimwambia aiachilie nyumba. Yeye sasa alikuwa anatafuta ghorofa ya sita.

Halafu akabaki peke yake na shimo.

Alisimama juu yake nusu saa. Alishuka ngazi tatu, akapanda. Akashuka nne. Alifunga pua kwa leso, akafumba macho, akaitoa pete kwenye kiberiti akaiangalia, akashuka mpaka chini. Alitapika mara mbili, akachimba.

Siku ya pili ya uchimbaji wake, alipandisha kichwa nje ya shimo akakutana uso kwa uso na jozi ya viatu vya mpira. Alivijua. Alilala navyo chumba kimoja.

"Shangazi!"

"Baba," alisema shangazi. "Kumbe vile vifaa vilivyoibwa vimepatikana."

"Shangazi, nitakueleza..."

"Usinieleze. Ukianza kueleza tutakesha hapa." Alichuchumaa. "Umefungua mfuniko wa pili?"

"Upi?"

"Ule wa pale! Unataka kufa umesimama? Na kamba iko wapi? Sikiliza. Unachotafuta mle ndani sitaki kukijua. Lakini hapa ni mahali pa shirika. Ukitaka nisione, utafanya kwa utaratibu. Mifuniko miwili wazi, saa nzima unasubiri. Kamba, kijana wangu mmoja ataishika. Tope lote linaingia kwenye toroli, halimwagwi barabarani. Unaanza huku, unamaliza kule, huruki ruki kama kuku. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi." Kwa mara ya kwanza alikuwa anasikiliza kweli, maana aliona kwamba huyu mama amepitwa na jambo kubwa. Alimwonea huruma. Miaka ishirini na nane juu ya mgodi, na kazi yake kuhesabu mifuniko!

"Na chakula cha mchana nitakuletea," alisema shangazi.

Alichimba siku kumi na sita. Mgongo wake ulijifunza maneno mapya. Mikono iliota malengelenge, malengelenge yakaota sugu. Alitoa vijiko sitini na kitu, meno ya bandia ya watu watano, simu tatu, bomba la sindano, funguo zinazotosha kufungia mji, na miwani ambayo Karani aliipoteza siku ya pili. Alitoa pete mbili nyeusi zenye maua. Alizijua moja moja, kama watoto wake. Ya njano hakutoa tena hata moja, lakini kila jioni aliangalia mita zilizobaki akajiambia dhahabu ni nzito, imekwenda mbele, iko mwisho.

Mwisho palikuwa na matofali matupu, safi, na maji yanayopita vizuri.

Wakaguzi walifika kesho yake. Walisimama juu ya shimo wameshika vitambaa puani, wakamulika, wakaona mfereji uko wazi kama mtutu wa bunduki. Mabosi wa shirika, ambao hawakujua mfereji ule uko mtaa gani, walipiga picha wameshika koleo. Mkubwa wao alisema hayo ni matunda ya uongozi. Mama Mifuniko akapewa barua ya pongezi na mwavuli wenye nembo ya shirika.

Jioni hiyo Ramani alikaa mezani kwa shangazi, mikono haikunjiki. Hakuwa amekata tamaa kabisa. Alikuwa na kiberiti. Pete moja ya dhahabu safi si mchezo. Roshani haitoshi, lakini dirisha linatosha. Alikitoa mfukoni, akakifungua chini ya meza.

Kilikuwa kitupu.

"Unatafuta hii?" alisema shangazi.

Alikuwa anamimina chai. Pete ilikuwa kidoleni mwake, imekaa pale kama haijawahi kwenda popote, imeifunika ile alama yote.

"Shangazi... hiyo..."

"Herufi ya kwanza ni ya marehemu mjomba wako. Ya pili ni yangu. Umelala na jina langu mfukoni siku kumi na sita, hujajiuliza." Akamsogezea kikombe. "Niliivua siku ya pili tu. Alfajiri ya siku ya nne nikaenda nikaiweka juu kabisa ya tope, pale ambapo hata kipofu angeichota. Nilikaa nyuma ya ukuta wa hoteli moyo unanidunda, nikasema hawa wajinga wakiimwaga, mume wangu atanitokea ndotoni."

"Ulijuaje? Nani alikwambia?"

"Mfuniko ndio ulioniambia. Pengo lilikuwa linaangalia juu, kwenye majumba. Katika shirika letu hata mlevi hafungi hivyo. Nikajua ni mtu mwenye kulabu yetu ambaye hakunisikiliza siku ya kwanza. Nina mmoja tu." Alikoroga chai. "Usiku ule ule nikaweka puto la mpira kule juu kuziba mfereji, nikageuza maji. Unadhani yalikauka kwa dua zako? Kisha nikawachungulia wale wazee na pete zako, nikasema, watachimba siku mbili tatu, shaba itakuwa nyeusi, watakimbia. Nahitaji mtu ambaye hatakimbia. Na ni mtu gani asiyekimbia, ila yule anayeamini uongo wake mwenyewe?"

Ramani aliangalia mikono yake.

"Kwa hiyo hela yangu ya nyumba..."

"Mzee Kodi amenunua kufuli la pili la choo. Karani amenunua tai." Shangazi alitoa karatasi kwenye mkoba, akaiweka juu ya mkate. Ilikuwa na mhuri, na mhuri ulisema kile ulichopaswa kusema. "Mabosi walitaka kujua nani amechimba. Wamekuajiri. Zamu yangu. Kabla hujafurahi, vile vifaa vilivyoibwa vitakatwa kwako. Kesho saa moja tuko nyuma ya hospitali, kuna tumbo jingine, hili ni la mita sitini."

"Na nikikataa?"

"Karani bado ana wakati mwingi," alisema shangazi kwa upole, "na mimi nimesoma hati yake mfukoni mwako."

Stoo ilikuwa vile vile, fito zake na viatu vyake. Ramani alilala kama gogo, na asubuhi, saa moja kamili, alikuwa nyuma ya hospitali, kizibao kimefungwa mpaka juu. Alifungua mifuniko miwili. Alisubiri saa nzima. Alijifunga kamba bila kuambiwa. Ile karatasi yake kubwa ilikuwa imetandikwa chini, vijana wa zamu wanaweka vikombe vya chai juu ya banda la kuku.

Jioni, walipomaliza, alirudisha mfuniko, akanyoosha mguu aupige teke. Akasita. Alichungulia kwenye shimo la pili maji yanakoelekea, akachuchumaa, akauzungusha kwa mikono miwili, polepole, mpaka pengo likakaa.

Shangazi alipita, akauangalia, akaenda kufunga wa mbele.